Atomu ilipitia kwetu, jina lake likabaki kamusini

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Gesima, kaunti ya Nyamira. Jioni moja mtoto wa dada yangu, aliye Kidato cha Nne, alikuja na kitabu chake cha Fizikia na kukifungua juu ya meza palipokuwa na chane ya ndizi mbivu.

"Mjomba, wewe ni profesa wa Kiswahili. Hii mada inaitwaje kwa Kiswahili?"

Mada yenyewe ilihusu atomu zinazotoa mionzi bila kuchochewa na mtu. Nikamjibu bila kusita: unururifu. Akacheka.

"Mjomba, hilo neno umelitunga sasa hivi, si ndiyo?"

Sikulitunga. Neno hilo liko kamusini tangu kabla yeye hajazaliwa. Lakini kicheko chake kilinikaa moyoni, kwa sababu nyumba tuliyokuwa tumeketi ni ile ya marehemu bibi yake, mama yangu mdogo, na mama huyo alipata kuumizwa na ukosefu wa neno hilohilo. Nitalieleza hilo baadaye. Kwanza tuelewane kuhusu fizikia yenyewe, kisha tutazame historia ya istilahi zake. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kiliishi karibu sana na historia ya atomu kuliko wengi wetu tunavyodhani, ila hatukukiruhusu kuisimulia.

Kila kitu tunachokigusa kimeundwa kwa atomu. Katikati ya atomu mna kiini, na ndani ya kiini mna chembe za aina mbili: protoni, zenye chaji chanya, na nyutroni, zisizo na chaji. Nje ya kiini mna elektroni, zenye chaji hasi. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua atomu ni ya kitu gani. Yenye protoni 19 ni potasiamu, yenye 20 ni kalisiamu, yenye 92 ni urani. Viini vingi vimetulia na vitabaki hivyo. Vingine havikutulia, hujivunja vyenyewe na kutupa nje chembe au nishati. Tabia hiyo ya kutotulia ndiyo unururifu. Kinachotupwa nje ndicho mionzi, ambayo wataalamu huiita pia mnururisho.

Mionzi hiyo ni ya aina tatu kuu. Alfa ni kifurushi cha protoni mbili na nyutroni mbili. Karatasi tu huizuia. Beta ni elektroni iliyotoka kwa kasi ndani ya kiini. Bati la alumini la unene wa milimita chache huizuia. Gama si chembe yenye uzito bali ni nishati tupu, jamaa ya mwanga, na kuipunguza kunahitaji risasi au ukuta mnene wa zege.

Nilimwonyesha kijana ile chane. Ndizi zina potasiamu. Katika kila atomu 10,000 za potasiamu, moja hivi ni ya aina isiyotulia, yenye nyutroni 21. Ndani ya ndizi moja, atomu kama 15 za aina hiyo hujivunja kila sekunde. Mara nyingi nyutroni moja hugeuka kuwa protoni, elektroni ikatupwa nje, na ile potasiamu ikawa kalisiamu. Kijana, aliyekuwa keshamenya ndizi yake, akairudisha mezani polepole. Nikamwambia ale tu. Ndani ya mwili wa mtu mzima, atomu zaidi ya 4,000 za potasiamu hujivunja kila sekunde, awe amekula ndizi au hakula, kwa kuwa mwili hushika kiasi unachokihitaji na kinachozidi hutoka kwa mkojo. Zitachukua miaka bilioni 1.25 nusu ya atomu hizo kwisha. Muda huo huitwa nusumaisha.

Kwa hivyo unururifu si kitu kilicholetwa na mabomu. Uko katika udongo na mawe yetu. Mawe ya Tabaka, yale wachongaji wa Kisii wanayoyageuza kuwa vinyago na bakuli, wanasayansi wameyapima na kukuta ndani yake potasiamu, thoriamu na radiamu, kama yalivyo mawe mengi duniani. Kule Kwale, kilima cha Mrima kinajulikana kwa kuwa na mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida kwa sababu ya thoriamu iliyomo ardhini. Swali la maana kuhusu mionzi si kama ipo au haipo, bali ni kiasi gani, ya aina gani, na kwa muda gani.

Binadamu aliyajua haya lini? Mwaka 1895, Wilhelm Röntgen, Mjerumani, aligundua miale inayopenya nyama na kuonyesha mifupa. Kwa kuwa hakujua ni nini, aliipa herufi ya kitu kisichojulikana, eksi, na jina hilo halikubandukana nayo hadi leo tunapokwenda "kupigwa eksirei". Mwaka huohuo Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki. Mwaka 1896, reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa, Henri Becquerel aligundua huko Paris kwamba chumvi za urani hutoa mionzi zenyewe. Mwaka 1897 J.J. Thomson akaitambua elektroni. Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre wakagundua poloniamu na radiamu, na tabia ile ikapewa jina. Marie alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi aliyoishika kwa miaka mingi bila kinga. Ernest Rutherford, aliyezipa alfa na beta majina yake, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Sisi Abagusii mwaka huo tunaukumbuka kwa jambo jingine: Otenyo alimchoma mkuki ofisa Mwingereza Northcote, na kijiji baada ya kijiji kikateketezwa. Mwaka 1911 Rutherford akaeleza kwamba atomu ina kiini. Mwaka 1932 James Chadwick akaigundua nyutroni, na mwishoni mwa 1938 Otto Hahn na Fritz Strassmann wakapata ushahidi kwamba kiini cha urani kinaweza kupasuliwa.

Wakati huo wote Kiswahili kilikuwa wapi? Kwa upande wa wasomi, kilikuwa kinasanifishwa. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na kamusi maarufu ya Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939, mwaka uleule ambao habari za kupasuliwa kwa kiini zilienea duniani. Lakini Kiswahili hakikuwa mezani kwa wanakamati peke yao. Kilikuwa pia shimoni.

Shimo hilo liko Shinkolobwe, mkoa wa Katanga, kusini mashariki mwa Kongo. Madini ya urani yaligunduliwa huko mwaka 1915. Mgodi ulimilikiwa na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, ambayo mwanzoni ilitafuta radiamu. Wafanyakazi wake walitoka makabila na nchi mbalimbali, na lugha iliyowaunganisha kazini ikawa Kiswahili, kile ambacho hadi leo husikika Lubumbashi kikiwa na ladha yake. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani hadi New York. Wamarekani walipoyahitaji mwaka 1942 waliyakuta bohari, tayari. Mawe hayo yalikuwa bora mno. Mengine zaidi ya nusu ya uzito wake ilikuwa urani, ilhali migodi mingi duniani haifikishi hata sehemu moja katika mia. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa katika mradi wa bomu ilitoka huko. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa la urani.

Tafakari hilo kidogo, msomaji. Watu walioyachimba, wakayachagua kwa mikono na kuyapakia, walikuwa wakiamrishwa na kutaniana kwa Kiswahili. Jiwe walilobeba lilikuwa na siri kubwa kuliko zote za karne, na hakuna aliyewaambia jina la siri hiyo kwa lugha waliyoifahamu.

Upande wa pili wa vita hivyo pia kulikuwa na Kiswahili. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, na lugha ya askari wake ilikuwa hiyohiyo. Utotoni mwangu kulikuwa na mzee kijijini aliyerudi kutoka Burma. Alizoea kutusimulia kwamba vita vilikatizwa na "bomu la atomiki". Tulipomuuliza atomiki ni nini, alinyamaza, akabadilisha mada. Alikuwa na jina la kitu, hakuwa na maelezo yake. Nadhani hali hiyo haijabadilika sana.

Istilahi zilikuja baadaye. Mwaka 1964, Murray Gell-Mann na George Zweig walipopendekeza, kila mmoja kivyake, kwamba hata protoni na nyutroni zimeundwa kwa chembe ndogo zaidi zinazoitwa kwaki, Dar es Salaam ilianzishwa taasisi ambayo tungeizoea kwa jina la TUKI. Mwaka 1967 likaja Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Wataalamu wake walikaa na wanasayansi, wakachambua neno baada ya neno. Mengine waliyakopa na kuyatohoa: atomu, elektroni, protoni. Mengine waliyapa kazi mpya. Chembe, iliyokuwa punje ndogo ya kitu, ikawa jina la vitu vidogo kuliko vyote. Kiini, tunachokijua katika yai, kikawa katikati ya atomu. Hapo ndipo ninapowavulia kofia, kwa sababu neno la Kilatini lililozaa "nyuklia" nalo lilimaanisha kokwa. Mrumi na Mswahili walitazama tunda, wakafikiri sawasawa.

Mengine waliyaunda kutokana na mzizi uliokuwepo. Kutoka kwa nuru, neno tulilolipata kwa Waarabu, walizalisha nururisha, mnururisho, na unururifu. Matunda ya kazi hiyo yalichapishwa na TUKI mwaka 1990 katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia.

Lakini angalia mwaka huo. Mwaka 1982 tume ya rais nchini Tanzania, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za sekondari kuanzia 1985. Pendekezo halikutekelezwa. Kamusi ilipotoka, darasa ililoandaliwa halikuwepo. Hapa Kenya, Ripoti ya Mackay ya 1981 ilitufungulia mlango, na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ukafanya Kiswahili kuwa somo la lazima. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini kiliingia kama somo, hakikuingia kama lugha ya masomo mengine. Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi, na bado mtoto wa Gesima hukutana na kiini cha atomu kwa Kiingereza pekee, huku mwalimu wake wa Kiswahili akiketi meza ya pili chumbani mwa walimu.

Huenda ukauliza: kuna hasara gani? Mtihani ni wa Kiingereza, na hospitali nazo zina wataalamu. Sasa nimfikie mama mdogo.

Miaka kadhaa iliyopita aligunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Ilikuwa bado mapema. Katika hospitali moja aliambiwa na mhudumu mmoja, kwa haraka, kwamba ataenda "kuchomwa" mara ishirini na tano. Hakuna aliyemweleza zaidi. Akachukua leso yake, akarudi nyumbani. Nilipofika kumwona aliniuliza maswali mawili. La kwanza: "Mwanangu, wananichoma kwa moto gani?" La pili ndilo lililomsumbua usiku: je, baada ya kuchomwa, ile sumu haitamtoka na kumwingia mjukuu anayelala naye kitanda kimoja? Mjukuu huyo ndiye huyu aliyeniletea kitabu.

Mimi, mwenye shahada ya uzamifu na makabati ya kamusi, nilianza kumweleza habari za mnururisho. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza hotuba ya mgeni. Ilichukua miezi minane kabla hajakubali kurudi. Ugonjwa haukuwa umemsubiri.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Jibu la swali lake la pili lilikuwa ndani ya kamusi yangu, ila sikujua kulitoa. Kuna tofauti kati ya kupigwa na mionzi na kuwa na unururifu. Mtu anayemulikwa na tochi hageuki kuwa tochi. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, kama mwanga unavyokwisha chumbani taa inapozimwa. Aliyepigwa eksirei, au aliyetibiwa kwa mashine inayommulika kutoka nje, hatoki hapo akiwa chanzo cha mionzi. Anaweza kumbeba mjukuu wake jioni hiyohiyo. Hali ni tofauti kwa anayepewa dawa yenye unururifu ndani ya mwili, kama iodini ya kutibu tezi ya shingo. Huyo huagizwa kujitenga kwa muda. Pia kuna tiba ambapo chanzo chenyewe cha mionzi huwekwa ndani ya mwili kwa muda, na daktari hana budi kumweleza mgonjwa kitatolewa lini. Maneno mawili tofauti, mionzi na unururifu, yangemjibu mama yule kwa sentensi moja. Lakini yeye alipewa neno moja tu, na neno hilo lilikuwa la jikoni.

Kuhusu swali la kwanza, kuchomwa si uongo mtupu. Mionzi mingi inaweza kuunguza ngozi, na inaweza kuua chembe hai. Ndiyo sababu huelekezwa kwenye uvimbe na kukadiriwa kwa uangalifu. Kosa la neno hilo ni kwamba linataja maumivu na kuficha kusudi. Nuru nayo ina kasoro yake. Katika Kiswahili, nuru huonekana na hubeba baraka. Mionzi ya gama haionekani, na haina baraka wala laana. Wanaistilahi tulitoa neno lenye sura nzuri mno, wahudumu wakatoa lenye sura mbaya mno.

Wananchi wenyewe walikuwa wameshachagua la katikati. Ukienda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, utasikia watu wakisema "tiba ya mionzi", na magazeti huandika hivyo. Mionzi ni ya jua. Mkulima wa chai au ndizi anajua kwamba jua huotesha, na pia kwamba likizidi huunguza. Neno hilo limebeba faida na hatari pamoja, na kipimo kikawa ndicho kinachotenganisha. Nakiri kwamba zamani nilikuwa nikikata alama za wanafunzi wangu walioandika mionzi mahali nilipotarajia mnururisho. Siku hizi sikati. Mionzi iwe ni kile kinachotoka. Unururifu uwe ni tabia ya kiini kinachokitoa. Tukiyashika hayo mawili, tumepata karibu yote tunayoyahitaji.

Wala tusiogope neno lisilokamilika. Atomu ni neno la Kigiriki lenye maana ya kisichokatika. Imekatwa, imepasuliwa, imehesabiwa vipande, na bado tunaiita isiyokatika. Neno halihitaji kuwa kamilifu ili lifanye kazi. Linahitaji kutumiwa.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Fizikia, ameniambia nisimvurugie wanafunzi, kwa kuwa mtihani hautawauliza kwa Kiswahili. Hoja yake ina uzito. Siombi mtihani ubadilishwe mwaka huu. Naomba dakika kumi mwishoni mwa mada, ambapo mwanafunzi atatakiwa kueleza kwa Kiswahili, kama anayezungumza na bibi yake, mionzi ni nini na inazuiwaje. Asiyeweza kumweleza bibi yake, huenda hakuelewa hata kwa Kiingereza.

Haja hiyo haitapungua. Wakala wa serikali unaoshughulikia nishati ya nyuklia ulipotaja Uyombo, Kilifi, kuwa mahali pa kujenga kinu, wakazi walipinga, na baadaye mjadala ukasogea hadi Siaya. Siandiki haya kuunga mkono kinu wala kukipinga. Ninachosema ni kwamba mwananchi hawezi kukubali wala kukataa kwa haki jambo aliloelezwa kwa lugha ya ripoti. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuulizwa. Sisi tukiulizwa, tuwe na maneno ya kujibu.

Kijana wangu alikaa kimya kidogo baada ya maelezo hayo yote. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Kwa hivyo bibi angeweza kunibeba?"

Nikamwambia, naam, angeweza.

Akaichukua ile ndizi, akaila. Halafu akafungua daftari lake la Fizikia na kuandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: unururifu.